Tundu la Mackinac

Feri inapokaribia kisiwa cha Mackinac, katika Ziwa Huron, kinachotangulia kuonekana ni ngome nyeupe juu ya jabali. Magari yalipigwa marufuku hapa mwaka 1898. Njiani ni farasi na baiskeli, na samadi inagombea pua ya mgeni na peremende za chokoleti zinazopikwa madukani.

Nashuka Market Street mpaka duka la American Fur Company, lililojengwa upya na kufanywa makumbusho. Tarehe 6 Juni 1822 bunduki ilifyatuka dukani, ikamchana ubavu Alexis St. Martin, kijana mbeba ngozi kutoka Kanada. William Beaumont, daktari wa jeshi pale ngomeni, alimtibu bila kutumaini kwamba angeishi. Aliishi, ila tundu la tumboni halikuziba. Mwaka 1825 Beaumont akaanza kutumbukiza humo nyama, mkate na kabichi vilivyofungwa kwa uzi wa hariri, kisha kuvivuta nje na kutazama vilivyolainika.

Wageni wenzangu wanakunja nyuso wakisikia habari za asidi ya tumboni iliyovilainisha. Mimi kilichonikamata ni kipimajoto. Katika majaribio ya baadaye, Beaumont alikisukuma hadi sehemu ya chini ya tumbo. Misuli ikakibana na kukivuta kuelekea pilori, mlango wa kuingilia utumbo mwembamba. Nguvu hiyo aliihisi mkononi. Umeme unaoiamsha hakuujua.

Ilipita karibu karne nzima kabla Walter Alvarez, huko San Francisco, hajanasa umeme wa tumbo juu ya ngozi: mawimbi kama 3 kwa dakika. Duodeni, iliyo ng'ambo ya mlango, ina yake 11 au 12. Pilori inakaa mpakani mwa midundo hiyo miwili. Wimbi la tumbo likiwadia, mlango hubana. Majimaji na chembe laini hupenya, mapande hurudishwa nyuma kusagwa, kama chenga zinazorudi kinuni baada ya unga kuchekechwa. Chembe ikishafika milimita 1 au 2, inaruhusiwa.

Yote haya yaliendelea ndani ya St. Martin, aliyechoka kuwa dirisha la wengine na zaidi ya mara moja akarudi kwao. Alipofariki Quebec mwaka 1880, jamaa zake waliuacha mwili uharibike kwanza, wakamzika kwenye kaburi refu kwenda chini, ili daktari yeyote asimpasue. Kwa hesabu yao, tumbo lile lilikwisha chunguliwa vya kutosha.