Mchezaji wa Spurs na wapagazi wa Kariakoo

Wadau, hapa Buguruni ukitaka ubishi wa bure nenda kijiwe cha kahawa utaje Simba au Yanga. Siku hizi hata Arsenal na Man United wana vijiwe vyao. Wa Tottenham ni wachache na wanataniwa sana. Leo nawapa hao wachache mtu wa kujivunia: Walter Tull.

Jamaa alizaliwa Folkestone, Uingereza, mwaka 1888. Baba yake alikuwa seremala kutoka Barbados, mama yake Mwingereza. Alipofika miaka tisa wote wawili walishafariki, yeye na kaka yake Edward wakapelekwa kituo cha yatima London.

Mwaka 1909 Tottenham wakamsajili. Wachezaji weusi wa kulipwa wakati ule ungewahesabu kwa vidole. Mwaka huohuo, kwenye mechi ya Bristol, mashabiki walimtukana kwa rangi yake mpaka mwandishi mmoja wa habari akawalaani gazetini. Baadaye akapoteza namba, na mwaka 1911 akaenda Northampton Town, akacheza mechi zaidi ya 100.

Vita Kuu ikaanza 1914. Desemba akajiunga na kikosi cha jeshi kilichoundwa kwa ajili ya wanasoka. Alipigana Somme mwaka 1916. Mei 1917 akapewa cheo cha luteni usu, wakati kanuni za jeshi zilitaka afisa awe mwenye asili ya Kizungu. Akawa anawaongoza wazungu vitani! Machi 25, 1918 aliuawa Ufaransa akiwa na miaka 29. Maiti yake haikupatikana, lakini jina lake limechongwa kwenye mnara wa Arras.

Sasa mtauliza, sisi inatuhusu nini? Inatuhusu sana.

Vita ileile ilipiganwa kwenye ardhi yetu. Waingereza waliiteka Dar es Salaam Septemba 1916, na jeshi lao lilitembea kwa vichwa na mabega ya Waafrika waliobebeshwa chakula na risasi. Kikosi hicho cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps. Litamke haraka haraka: Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko risasi.

Wamebakiwa na nini? Sanamu ya Askari pale Samora, ya mwaka 1927, inawataja askari na wapagazi kwa jumla tu. Hakuna jina la mtu. Kingine ni jina la mtaa, ambao Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 wameufanya kwao. Kila tukisema "dabi ya Kariakoo" tunawataja marehemu wale bila kujua, huku tumevaa jezi.

Tull alidharauliwa uwanjani na kubaguliwa jeshini, lakini leo mtoto wa Northampton anaweza kusoma jina lake. Mtoto wa Buguruni anayepanda daladala ya Uhuru kwenda Kariakoo hana hata jina moja la kusoma, na inawezekana kabisa mmoja wao ni babu wa babu yake.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kabla mzee wa kwenu hajaondoka na kumbukumbu zake, muulize nani katika ukoo alibebeshwa mizigo ya vita ile. Akikutajia jina, liandike kwenye daftari. Jiwe tutalidai baadaye.

Wikiendi njema.