Ramani Iliyoishia Mnazi Mmoja

Nilikuja Dar es Salaam mwishoni mwa 2021 kutoka Songea, nimechaguliwa kusoma Chuo Kikuu, Mlimani. Huko Songea sikuwa na mtu wa kunieleza jiji likoje, ila nilikuwa na kitabu. Mwalimu wangu wa sekondari alinipa kitabu cha mwongozo wa watalii alichoachiwa na mgeni mmoja wa kujitolea. Kilikuwa cha Kiingereza, cha miaka ya nyuma, na kurasa za Dar nilizisoma hadi nikakaribia kuzikariri. Nilikiamini kuliko nilivyowaamini watu. Hilo ndilo ninalotaka kukusimulia.

Kitabu kilisema mabasi ya mikoani hushushia Ubungo, kumbe stendi ilishahamia Mbezi Luis mwanzoni mwa mwaka uleule. Kilisifu soko kuu la Kariakoo, lile jengo alilosanifu Beda Amuli, lililofunguliwa 1975. Lilikuwa limeungua Julai. Hata hapo sikukitilia shaka. Nilijiambia vituo na masoko hubadilika, maneno mengine ni ya kweli tu. Na maonyo yake niliyashika neno kwa neno: Kariakoo usiende na mkoba, usimjibu anayekusemesha, anayekupa msaada hujaomba ana lake jambo.

Nilifikia kwa shangazi, Mchafukoge. Anauza vitenge, na mara kwa mara alinituma Kariakoo kumchukulia mzigo. Nilivuka Mnazi Mmoja nimeukumbatia mkoba kifuani, macho chini. Pembeni ya Mtaa wa Lumumba palikuwa na mzee muuza kahawa ambaye kila nikipita alisema, "Karibu, mwanangu." Sikumwitikia. Nimelelewa kwa shikamoo, wazazi wangu hawakuniruhusu kumpita mtu mzima kimya, lakini mtu wa umri wa babu yangu nilimpita kama nguzo ya umeme, kwa sababu ya aya moja kitabuni. Niliuita huo ujanja wa mjini.

Siku moja nilikuwa natoka Mtaa wa Kongo na mzigo, na homa ninayo tangu usiku. Jua lilikuwa kali. Nakumbuka nilifika Lumumba, kisha sikumbuki. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelazwa kwenye benchi la yule mzee, machinga wawili wananipepea kwa kipande cha boksi. Mkoba haukuwa kifuani. Neno langu la kwanza, Mungu anisamehe, halikuwa asante. Nilisema, "Mkoba wangu uko wapi?"

Mzee akauinua kutoka miguuni pake. "Huu hapa. Na vitenge vyako vile pale."

Wakanipakia bajaji hadi hospitali ya Mnazi Mmoja, na mmoja wao akalipa nauli. Ilikuwa malaria. Katika mkoba hakikupungua kitu, hata hicho kitabu.

Nilipopona nilirudi na pesa kidogo kumshukuru. Nikamwamkia, kwa mara ya kwanza. Akaitikia kana kwamba nimekuwa nikimwamkia siku zote. Pesa akazikataa, akanimiminia kahawa, akauliza nasoma wapi. Nikamjibu, Mlimani.

"Chuo chenu kimeanzia hapa, Lumumba," akasema.

Moyoni nilimkatalia. Nilikwenda maktaba kutafuta, nikakuta ndivyo. Chuo kilifunguliwa Oktoba 1961, kabla hata ya uhuru wa Desemba, kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na kilianza katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kwa wanafunzi wachache wa sheria. Kilihamia Mlimani 1964, kikawa chuo kikuu kamili 1970. Mimi nilikuwa nalala ng'ambo ya uwanja tu.

Hapo ndipo nilipokifungua kitabu kwa jicho jingine. Ramani yake ya katikati ya jiji ilionyesha mitaa yetu ya Mchafukoge, halafu ikaishia Mnazi Mmoja. Upande wa pili palikuwa na mshale na neno Kariakoo, basi. Mwenye kuichora sidhani alikusudia ubaya. Lakini uwanja ule ulikuwa mpaka tangu ukoloni. Wajerumani walipanga, Waingereza wakatekeleza: Uzunguni, kisha Uhindini, kisha Waafrika huko Kariakoo, na Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuwatenga. Ramani yangu ilikata jiji palepale, nami niliufuata mstari huo kwa miguu yangu miezi yote ile.

Sikukitupa. Majina ya mitaa yamo, na asili ya jina la Kariakoo, kile kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, imeelezwa vizuri. Ila nimejifunza kukipima. Bei au kituo kikikosewa, msomaji atagundua akifika. Onyo likikosewa hagundui, kwa kuwa limemzuia kufika. Kwa hiyo maonyo ndiyo sehemu ninayoisoma kwa makini zaidi sasa, katika kitabu chochote cha mji wowote.

Mzee aliwahi kuniomba nimsomee kitabu kinasema nini juu ya kwao. Nikamsomea habari za jina, ile aya ya maonyo nikairuka. Haikunipa usingizi. Nikarudi nikamtafsiria yote. Alisikiliza, akasema, "Wezi wapo, mwanangu. Walioandika hawajakosea. Ila hawakukaa nasi."

Namshukuru Mungu kwamba waliniokota watu niliokuwa nawakimbia, wala hawakunidai lolote. Kama nawe umefika mjini juzi, umeshika kitabu au simu inayokuambia mtaa upi usipite, jioni vuka uwanja uje upande wa Lumumba. Ukimkuta mzee wa kahawa, mwamkie. Mimi nilichelewa muhula mzima.