Herufi K na Daftari la Deni

Kijana huyo ni mzaliwa wa Mbwajumali, kisiwani Pate. Alipoanza shahada ya uzamili katika hisabati alitwikwa somo ambalo jina lake ni herufi moja: nadharia-K ya aljebra. Herufi hiyo aliichagua Alexander Grothendieck mwaka 1957, akaitoa katika neno la Kijerumani Klasse, yaani tabaka. Kwa majuma mengi kijana alinakili fafanuzi asizozielewa, hata akawaza kuihama idara.

Kilichomfungulia mlango ni likizo aliyoipitisha dukani kwa babu yake. Kilo tano za mchele hazitoki kwenye gunia lenye tatu; lakini daftari la deni laweza kuandika "mbili, anadai". Ndivyo alivyofanya Grothendieck: alichukua vitu vijuavyo kujumlishwa tu, akaviruhusu kudaiana.

"Lakini babu, vitu viwili vikitofautiana, kisha ukaviongezea kitu kimoja vikalingana, daftari letu huvihesabu sawa tangu mwanzo."

"Basi daftari lenu lasahau, mjukuu wangu."

Mzee hakukosea. Nyuzi za nazi ya mviringo haziwezi kulazwa zote juu ya kifuu pasi na kusalia mahali pamoja pakaidi. Mwelekeo utokao nje ukiongezwa kwa ile miwili ya juu ya kifuu, ukaidi huo hutoweka. Na katika kundi la kwanza la nadharia hii, K-sifuri, hauonekani kabisa. Kilichosahauliwa hapo ndicho kilichomkosesha kijana usingizi.

Daniel Quillen aliyafafanua makundi ya juu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa nambari kamili, K-tatu ina memba 48 (nani angelitarajia 48?), na K-nne ni sifuri, jambo alilolithibitisha John Rognes mwaka 2000. Iwapo K-kumi na mbili na wenzake wote ni sifuri pia ni swali lililofungamana na dhana ya Vandiver, ambayo haijathibitishwa.

Madaftari yake huyaandika kwa Kiswahili: "uga", "kundi", "pete". (Mtu wa Pate akiandika "pete" hukumbuka kwao, apende asipende.) Neno la kile ambacho daftari husahau bado hajalipata. Amejaribu "masalio", akalifuta. Sasa yumo katika K-moja, kwenye matriksi, na pembezoni mwa kurasa zake ameacha nafasi tupu.