Mzinga wetu wa ndege na bega lililotufunza

 

Leo hatuzungumzii mishono ya sikukuu wala bei ya vitambaa. Tunazungumzia uzito. Tena uzito wa kilo mbili na kitu tu, ambao ulitufungia nusu ya duka kwa wiki tatu.

Wanaotujua wanajua sisi ni mawifi wawili, mafundi wa kushona, duka letu liko Wete. Tuna cherahani mbili, meza moja ya kukatia, na wateja ambao Alhamdulillah hawatuachi. Lakini wasiotujua hushangaa wakisikia kwamba Jumapili, tukishasali alfajiri, tunapanda gari ya Konde kwenda msitu wa Ngezi kupiga picha za ndege.

Tulianza kwa sababu ya mgeni mmoja aliyetuletea mkoba wa kamera uliokatika mkanda. Tulipomaliza kuushona akatuonesha picha ya chozi wa Pemba, imejaa kioo kizima, manyoya yanametameta kama kitambaa cha bi harusi. Ndege huyo yuko kwenye maua ya nyuma ya nyumba yetu kila siku, na hatukuwahi kujua kama ana rangi zile. Yeye ni mmoja wa ndege wanne wanaohesabiwa kuwa hawapatikani kwengine duniani ila kisiwani kwetu. Wengine ni ninga wa Pemba, bundi wa Pemba, na yule mdogo wa manjano mwenye duara jeupe machoni.

Basi zamu yetu ya upatu ilipofika, fedha tulizokuwa tumezipangia mashine ya overlock tukanunulia lenzi iliyokwisha tumika. Ni Sigma ya milimita 150 hadi 600, ile nyepesi. Nyepesi kwa jina! Peke yake ina gramu 1,930, na ukiifunga kwenye kamera yetu inakaribia kilo 3.

Mama, ambaye ni mzazi wa mmoja wetu na mkwe wa mwengine, alipoiona aliuliza, "Huo mzinga mnakwenda kumpiga nani?"

Tukamwambia ndege.

"Na ndege wenyewe mnawala?"

Tulicheka, lakini tulijua anauliza habari ya overlock.

Mtu atasema, kwani lazima lenzi kubwa hivyo? Chozi ni mdogo kuliko kiganja, na ninga anakaa juu kabisa ya mti, rangi yake na ya majani ni moja. Bila ya lenzi ndefu utapata picha ya mti. Tabu yake ni kwamba lenzi inayomvuta ndege karibu inauvuta na mtetemo wa mkono wako. Kwa milimita 600 tunajaribu kasi isipungue sehemu moja ya 1,000 ya sekunde. Chini ya miti mwanga ni mdogo, kasi inashuka, na unabaki kuutegemea mkono utulie. Mkono uliochoka hautulii.

Siku yenyewe ilikuwa siku kumi kabla ya Idi. Tuliivaa kamera shingoni kwa mkanda wake mwembamba, lenzi inaning'inia mbele kama ndoo. Tukakuta ninga wanakula matunda juu ya mti mrefu. Tukasimama chini yake mikono juu, tunangoja mmoja ajitokeze, tukiona haya kuishusha asije akatokea. Saa nne nzima msituni, na hatukurudi na hata picha moja isiyo na ukungu.

Asubuhi yake bega la mmoja wetu halikunyanyuka. La nani, hatusemi, maana tulikubaliana kwamba hasara ilikuwa yetu sote. Hospitali akaambiwa apumzike, asinyanyue kitu, mkono usipite usawa wa bega. Mkono ule ndio unaosukuma kitambaa kwenye cherahani, na mezani palikuwa na magauni 14 ya watu. Mmoja akawa anashona mpaka usiku wa manane, mwengine anatia vifungo kwa mkono mmoja huku analia. Wateja watatu tuliwarudishia fedha zao. Hakuna aliyemwambia mwenzake neno juu ya lenzi, na kunyamaza kule kulituuma kuliko bega.

Bega lilipopoa tukaitia lenzi mezani, tukaitazama kama mafundi. Mkoba haukatiki katikati ya mkanda. Hukatika pale mkanda ulipoungwa na mkoba. Na sisi tulikuwa tumening'iniza uzito wote kwenye kamera, pale lenzi inapoungana nayo, kisha tukaupeleka shingoni. Kamera ingeweza kuharibika kama bega. Kwa hiyo tulibadilisha mambo manne.

Kwanza, mkanda sasa tunaufunga kwenye lenzi, si kwenye kamera. Lenzi nzito huwa na pete iliyoizunguka, yenye kiguu chini. Pale ndipo uzito unapokaa sawa. Mkanda tulishona wenyewe, upana wa vidole vinne, ndani sponji, unapita juu ya buibui kutoka bega hili hadi ubavu wa pili. Uzi ni wa nailoni, na kila kiungo tunakishona mraba wenye msalaba ndani. Kabla ya kuuamini, tunautundikia kilo 5 za mchele usiku kucha.

Pili, njiani lenzi inakaa mkobani mgongoni, na mkoba una mkanda wa kiunoni. Mama zetu wakibeba kuni walitia kata kichwani na kujikaza kanga kiunoni, nasi tukidhani ni desturi tu. Kumbe kiuno kinabeba asichoweza bega. Tena tunapokezana kila nusu saa, hata aliyebeba akisema hajachoka. Hasa akisema hajachoka.

Tatu, hatunyanyui mpaka ndege aonekane. Tunatafuta kwa macho kwanza. Akionekana, kiganja cha kushoto kinakaa chini ya lenzi, viwiko vinabanwa mbavuni, pumzi inatolewa taratibu, unabonyeza. Picha chache, kisha unashusha. Ndege akikupita amekupita, riziki yako haikuwa hapo.

Nne, kila penye pa kuiweka, tunaiweka. Tuna stendi ya mguu mmoja, na tuna kimto tulichokishona kwa kanga kuukuu, tukakijaza mchele. Ukikilaza juu ya jiwe, gogo au ubavu wa ngarawa, lenzi inazama kidogo na kutulia kama mtoto kwenye mbeleko. Anayesafiri kwa ndege anakibeba kitupu, akifika ananunua mchele. Mama alipokiona alisema, "Afadhali, sasa kuna cha kula."

Miezi miwili baadaye, ukingoni mwa msitu, ninga alishuka kwenye mti wa matunda karibu na njia. Kimto kilikuwa juu ya gogo. Mmoja alikuwa machoni mwa kamera, mwengine ameshika mkoba na mwavuli. Picha ilitoka safi, mpaka tone la maji ya tunda mdomoni linaonekana.

Tulimpelekea mama. Akavaa miwani, akaitazama kwa muda. "Ninga huyu. Babu yenu alikuwa akiwatega." Kisha akaturudishia simu. "Na overlock je?"

Overlock bado. Mikanda na vimto tunawashonea wageni na vijana wanaowatembeza, na kila tunachouza kinaingia kwenye kopo lake. Na tuseme kweli, kwa sababu humu tumezoea kuambizana kweli: tukirudishwa siku ya upatu, tungeanza na overlock. Lenzi ingengoja. Mzigo wa kwanza tulioubeba vibaya haukuwa lenzi, ulikuwa uamuzi tulioufanya kwa furaha bila ya kukaa chini na kuupima, kama tunavyoupima mkanda kwa mchele.

Lakini hatuiuzi. Bega limepona, magauni yanatoka kwa wakati, na Jumapili tunatoka wawili na kurudi wawili bila ya kununiana. Mwili ni amana, wapenzi. Ukiwa unabeba kamera, mtoto, ndoo au roba la karafuu, angalia uzito umekaa wapi, na umwambie mwenzako akupokee kabla hujachoka.

Tukutane tena, Inshaallah.