Mchagua Jembe na Kadi Iliyochemka

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii niliijua tangu shule ya msingi, nikaitungia insha, na baadaye nikawafunza wanafunzi wa kidato cha pili nilipokuwa katika mazoezi ya ualimu. Hata hivyo, ndugu msomaji, maana yake sikuipata kwa wino wala chaki. Niliipata mwezi Machi mwaka wa 2025, katika chumba chenye paa la mabati mtaani Kisauni, Mombasa, nikiwa nimepiga magoti mbele ya tarakilishi iliyozimika kwa joto.

Yafaa nieleze kwanza jinsi mwanafunzi wa fasihi alivyojikuta katika shughuli za mafundi. Mwaka wa 2022 nilisafiri hadi Lamu kukusanya data ya tasnifu yangu ya uzamili kuhusu uwasilishaji wa tenzi miongoni mwa wanawake. Nilikaa huko majuma 7, nikarejea na saa 41 za sauti. Saa 19 kati ya hizo ni za bibi mmoja wa mtaa wa Mkomani. Kila alasiri alinikaribisha ukumbini mwake, akanighania kwa moyo tungo alizozipokea kwa mamake mzazi. Nilipomuuliza kama zimeandikwa mahali, alicheka akagusa kifua chake. Bibi huyo alifariki mwaka wa 2024, Mola amrehemu. Kwa hivyo kilichobaki ni kile kinasa sauti changu, na ahadi niliyompa kwamba nitaziandika.

Kuandika sauti kwa mkono ni kazi ya kuvunja mgongo. Dakika 1 ya ughani hunila robo saa, na pengine zaidi. Ndipo mwenzangu mmoja wa idara ya isimu akanielekeza kwenye programu iitwayo Whisper, iliyotolewa na kampuni ya OpenAI ya Marekani mwezi Septemba mwaka wa 2022. Programu hii husikiliza sauti na kuiandika, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha inazozijua. Sisemi kwamba inakijua Kiamu. Bibi akisema 'ndoo' kwa maana ya 'njoo', mashine huandika 'ndoo', na msomaji asiyeijua lahaja atadhani bibi ameagiza chombo cha maji. Akisema 'nti' kwa maana ya 'nchi', mashine huandika 'mti', na utenzi mzima ukageuka msitu. Hata hivyo, rasimu mbovu ni afadhali kuliko ukurasa mtupu, kwani ni rahisi kusahihisha kuliko kuanza.

Wapo watakaouliza kwa nini sikuzituma sauti hizo kwa watoa huduma wa mtandaoni wakaniandikia. Jibu ni kwamba niliwaahidi wenyeji wangu kuwa sauti zao hazitatoka mikononi mwangu. Ilinibidi basi niiendeshe programu katika tarakilishi yangu mwenyewe, na kazi hiyo huhitaji kadi ya michoro. Kadi hizi ziliundwa kwa ajili ya kuchora picha za michezo, lakini uwezo wake wa kufanya maelfu ya hesabu kwa wakati mmoja ndio unaotakiwa pia na programu za lugha. Nilinunua kadi kuukuu ya aina ya GTX 1070 kutoka kwa kijana mmoja aliyekuwa akifunga kibanda chake cha michezo ya video. Aina hiyo ilitoka mwaka wa 2016, ina kumbukumbu ya gigabaiti 8, na hula umeme wa wati 150 ikifanya kazi kwa nguvu zote.

Wati 150 ni maneno ya karatasini hadi uzifungie ndani ya kasha. Takriban umeme wote unaoingia katika chipu hutoka ukiwa joto. Usiku wa kwanza kazi ilikwenda vyema kwa dakika 14. Kisha feni zikaanza kuvuma kama jahazi lililokamatwa na kusi, kipimo kikapanda hadi nyuzijoto 91, na skrini ikawa nyeusi. Nilijaribu tena, ikazima tena. Mamangu mzazi, ambaye alikuwa akipepea makaa uani, alichungulia akasema, "Mwanangu, hilo dude lako lina joto kuliko jiko langu, na chakula halipiki."

Nilimpigia simu msimamizi wangu. Alinikumbusha kwa upole kwamba sura ya uchanganuzi ilitakiwa mezani pake mwisho wa Aprili, na kwamba idara ilikwisha kuniongezea muda mara mbili. Hakuwa na haja ya kusema la tatu.

Ndipo nilipoanza kuchagua jembe.

Nilisoma kila kitu kilichoandikwa kuhusu vipoza vya kubadilisha, yaani vile vinavyonunuliwa mbali na kile kilichokuja na kadi. Nikagundua kwamba njia ni tatu. Ya kwanza ni kipoza kikubwa cha hewa. Kipo kimoja kiitwacho Raijintek Morpheus, chenye mapezi ya alumini yaliyopangwa kama kurasa za kamusi na mabomba 12 ya shaba yaliyopita katikati yake. Mabomba hayo yalinisisimua. Ndani ya kila bomba mna kimiminika kidogo, na kimiminika hicho hugeuka mvuke upande wa moto, kikasafiri hadi upande wa baridi, kikawa maji tena na kurudi kilikotoka. Nilimkumbuka nyanya yangu na mtungi wake wa udongo, ambao maji yake yalipoa kwa kuwa unyevu ulitoka jasho na kuondoka na joto. Nyanya hakusoma fizikia, lakini alijua kuwa mvuke ni mchukuzi.

Njia ya pili ni kipoza cha maji. Pampu ndogo husukuma maji juu ya chipu, yakapita katika mipira hadi kwenye rejeta mfano wa ile ya matatu, na feni zikayapoza. Ilikuwepo hata fremu iitwayo NZXT Kraken G12, iliyoundwa mahususi kukifunga kipoza cha namna hiyo kwenye kadi ya michoro. Njia hii ina nguvu na haina kelele nyingi. Walakini pampu ni kitu kinachozunguka, na kila kinachozunguka kina siku yake ya kusimama. Pampu ikisimama, hakuna kinachobaki kuliondoa joto kwa kiasi cha maana. Mapezi ya alumini hayafi.

Njia ya tatu ni ya kimaskini: kuondoa feni za kadi pamoja na kava lake la plastiki, kuyaacha mapezi yake ya asili, na kufunga juu yake feni 2 za kawaida za kasha, zenye upana wa milimita 120 kila moja. Feni kubwa husukuma hewa nyingi kwa mwendo wa polepole, kwa hivyo hupoza bila kupiga mayowe.

Nilichora majedwali. Nililinganisha bei, uzani na urefu. Nilitambua kwamba mwenye kuondoa kipoza cha asili hukiondolea kinga si chipu kuu pekee, bali pia chipu za kumbukumbu na vipande vinavyodhibiti umeme, ambavyo navyo huchemka na havina pa kupeleka joto lao. Itambidi avibandikie vipande vidogo vya alumini kimoja kimoja, na kimoja kikidondoka juu ya saketi, kadi huenda ikaungua. Nilipima umbali wa matundu manne yaliyoizunguka chipu kwa rula ya shuleni. Usiku baada ya usiku nilikuwa na furaha ya mtu anayejiona anafanya kazi. Siku 12 zikapita, na katika siku hizo sikuandika ubeti hata mmoja wa bibi.

Siku ya 13 mama aliingia chumbani akanikuta nikilinganisha feni. Aliketi kitandani akaniuliza, "Yule bibi wa Lamu, ulishamaliza maneno yake?" Nikamweleza kuhusu mabomba ya shaba. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mimi nikikosa upepeo hupepea kwa kifuniko cha sufuria. Wali ukiiva, nani atauliza?"

Asubuhi yake niliibeba kadi hadi kwa fundi mmoja karibu na Mwembe Tayari. Aliigeuzageuza, akapuliza, vumbi likatoka kama unga wa posho.

"Dada, unataka kununua kipoza, na hiki ulicho nacho hujakiosha?" akaniuliza. "Angalia. Feni moja imekwama. Na ukikaa Pwani, vumbi likikutana na unyevu wa chumvi hugeuka blanketi."

Alifungua skrubu nne kwa bisibisi. Pesti iliyopakwa kati ya chipu na kipoza ili kupitisha joto ilikuwa imekauka ikapasuka kama tope la kiangazi. Kampuni iliyoitengeneza kadi hiyo sina kesi nayo. Umri ni umri. Fundi alifuta kwa spiriti, akapaka pesti mpya, na akahakikisha kwamba pedi laini zinazokaa juu ya chipu za kumbukumbu hazikuchanika. Kisha tukazifunga feni 2 mpya kwa vikanda vya plastiki vya kufungia nyaya. Gharama ya yote, pamoja na ujira wake, ilikuwa shilingi 3,900. Kipoza kikubwa kutoka ng'ambo pamoja na usafirishaji kingenila zaidi ya nusu ya bei ya kadi yenyewe.

Nilifika nyumbani nikaiwasha, na joto likapanda palepale! Nilikaribia kulia. Kumbe feni mpya zilikuwa zimechomekwa kwenye bodi kuu, nazo zilitii joto la prosesa badala ya joto la kadi. Prosesa ilikuwa imestarehe, basi nazo zikastarehe. Nilitafuta programu ya kudhibiti feni, nikaziamuru ziifuate kadi. Kipimo kilishuka hadi nyuzijoto 73. Baadaye nikajifunza jambo ambalo lingefaa kuwa la kwanza, kwani halina gharama: kuipunguzia kadi mgao wake wa umeme. Nilipoishusha kutoka wati 150 hadi 120, joto lilitua kwenye 65, na kasi ya kazi ikapungua kidogo tu, kiasi ambacho mwenye subira hakioni.

Waama, hakuna feni wala maji yanayoweza kuishusha kadi chini ya joto la chumba chenyewe. Chumba changu kilikuwa na nyuzijoto 31 usiku. Mwenzangu wa Nairobi anayekaa katika nyuzijoto 22 ananizidi kwa 9 kabla hatujawasha chochote. Ndiyo maana ushauri wa watu wa nchi za baridi haufai kumezwa mzimamzima. Tena feni zangu huimwaga hewa moto ndani ya kasha, kwa hivyo nililazimika kuweka feni nyingine nyuma ya kuitoa, na kulisogeza kasha mbali na ukuta.

Usiku huo mashine iliandika saa 5 za sauti bila kuzima. Lakini lililonipata kesho yake ndilo lililonifanya niandike makala haya. Nilikaa kusahihisha, nikasikiliza kupitia vipaza sauti vidogo vya mezani. Kabla ya hapo feni za zamani zilikuwa zikivuma wakati wote, nami nilikwisha kuzizoea. Sasa chumba kilikuwa kimya. Nyuma ya sauti ya bibi nikasikia mwendo mwingine, mwepesi, kama mtu anayefagia mchanga. Nilirudia mara tatu. Ulikuwa upepeo wake wa ukindu. Nikakumbuka kwamba hakuacha kujipepea alasiri zote zile, nami sikuuona kuwa data.

Upepeo ule ulikuwa na mpango. Ulikwenda kwa mizani, ukasimama kidogo kila kipande kilipokoma. Katika beti 11 mashine ilikuwa imechanganya vipande, nami sikuwa na hakika mpaka uko wapi, kwa kuwa bibi alikuwa mchovu na pumzi yake ilikatika pasipo mahali pake. Pumzi ilikosea, mkono haukukosea. Niliuhesabu mkono, na mizani 8 zikatimia katika kila kipande. Mwenyewe hayupo wa kumuuliza, lakini alikuwa amekwisha kunijibu miaka mitatu kabla.

Sura ile niliiwasilisha tarehe 29 Aprili, siku moja kabla ya muda kwisha. Ina sehemu nzima kuhusu upepeo.

Kwa wanachama wenzangu ambao kadi zao zinachemka, nashauri hivi: safisheni kwanza, badilisheni pesti, punguzeni mgao wa umeme, fungueni njia ya hewa. Joto likikataa, ongezeni feni. Kipoza kikubwa na cha maji viwe vya mwisho, baada ya kupima matundu na mfuko. Na methali ile ya wahenga siipingi, ila naiongezea kwa adabu. Udongo mgumu humlazimu mkulima alitazame jembe lake, kwani jembe bovu halilimi. Alitazame, alinoe, kisha aende shambani kabla ya mvua kupita.