Nyasi za Wenyewe

Mtaa wa Huruma, mashariki mwa jiji la Nairobi, hausifiki kwa bustani. Ghorofa zimesongamana hivi kwamba jua lenyewe huingia kwa zamu, na ukoka ukithubutu kuota penye nafasi, mbuzi wanaopelekwa soko la Kiamaiko huumaliza papo hapo. Hata hivyo, aghalabu mikono inayotunza nyasi za matajiri hutoka katika mitaa kama wetu. Baba alikuwa mmoja wao. Kwa miaka mingi alitoka alfajiri, akapita Mathare, akavuka Barabara ya Thika na kuingia Muthaiga, fyekeo begani.

Lugha yake ya kazi ilikuwa na mipaka. Kichaka, alisema, hufyekwa, bustani hunyolewa. Anayenyoa hapunguzi zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mkupuo mmoja, kwani nyasi zilizokatwa hadi shinani hudhoofika na kuyapisha magugu. Husubiri umande ukauke. Hunoa kisu kila mara, maana kisu butu hulirarua jani, na siku chache baadaye bustani nzima huonekana imepauka.

Siku moja mwajiri wake alimwomba ushauri kuhusu mashine ya kukatia nyasi. Chombo hiki si kigeni duniani: Mwingereza Edwin Budding alikibuni mwaka 1830 huko Gloucestershire, akiiga mtambo wa kiwandani uliopunguza nyuzi zilizochomoza juu ya kitambaa cha sufu. Yamkini Baba hakukosea kuiita kazi hiyo kunyoa.

Aliipima ardhi kabla ya kuitaja mashine. Ile ya kusukuma kwa mkono hufaa kiwanja kidogo kilicho tambarare. Ya umeme ni nyepesi, ila waya wake ungenasa kwenye miti. Kiwanja kile kilikuwa kipana, chenye miinuko, tena kilipandwa nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda zetu za juu na ambazo hutambaa kwa vikonyo vinene na kukua upesi mno wakati wa masika. Baba alipendekeza mashine ya petroli yenye kisu kinachozunguka kwa mlalo.

Ushauri huo ulikuwa wa kweli, na ulimgharimu. Alikuwa akilipwa kwa siku. Fyekeo lilimaliza kiwanja kwa siku tatu. Mashine ingekimaliza kwa nusu siku. Ndipo akasema, "Mzee, sasa tupatane kwa kiwanja, tusipatane kwa siku." Mwajiri alitafakari kwa wiki mbili, na kwa wiki hizo mbili nyumbani tulikula kwa kupima. Hatimaye alikubali. Siku zilizobaki Baba alizitumia katika bustani nyingine, na karo yangu ya kidato cha tatu ikapatikana huko.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mashine iliunusuru mgongo wa Baba. Lakini bila mapatano yale, ingeliokoa muda wa mwajiri na kuipunguza sufuria yetu. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunalipenda neno ufanisi, nasi huliandika kana kwamba halina mwenyewe. Kila ninapolikuta, huuliza ni nani atakayebaki na zile siku mbili na nusu.