Herufi moja ilivyotaka kunifukuzisha kazi!

Jamani, msije mkadhani mambo ya herufi kubwa na ndogo ni ya watoto wa darasa la pili tu. Mimi yalinitoa jasho, nusura nikose kibarua.

Nipo kwenye steshenari moja Sinza, tunachapa kadi za michango na mialiko ya harusi. Wateja wanaleta majina wanavyojua wenyewe: huyu kaandika yote kwa herufi kubwa, yule yote ndogo, mwingine kachanganya kama pilau. Kuyasawazisha ilikuwa kazi yangu, jina moja moja. Siku moja nikasema, kwa nini niumie vidole na kompyuta ipo? Nikaandika kijiprogramu kwa lugha ya Python. Humo kuna amri inaitwa title: unaipa maneno, inakurudishia kila neno limeanza na herufi kubwa. Nikajua nimeula!

Kadi 300 zikatoka zinang'aa. Kesho yake asubuhi akaingia baba wa bibi harusi, mzee wa Kisukuma, koti mwilini. Nikampa shikamoo, akaitikia vizuri tu. Kisha akaweka kadi mezani.

"Mwanangu, hili jina ni la babu yangu. Nani kalikata katikati?"

Kuangalia, miguu ikaniisha nguvu. Jina la ukoo wake linaanza na ng'w. Kumbe ile amri ikikuta kile kikoma cha juu inadhani neno limekwisha, basi herufi inayofuata inaipandisha cheo. Ng'ombe kwake ni "Ng'Ombe"! Na si hilo tu. Dar es Salaam inatoka "Dar Es Salaam", na TRA ukiipitisha humo inatoka "Tra".

Bosi akaamua kadi zichapwe upya, karatasi ikatwe kwenye mshahara wangu. Sikubisha. Ningebisha nini?

Ikabidi nikae chini nijifunze. Kumbe jambo hili limewasumbua wakubwa kabla yangu. Mmarekani John Gruber aliandika programu ya kupanga vichwa vya habari mwaka 2008, kwa lugha ya Perl, na wengine wakaihamishia Python kwa jina la titlecase. Ni nzuri, lakini maneno madogo inayoyajua ni ya Kiingereza. Ya, wa, cha na vya haijawahi kukutana nayo.

Nikatengeneza ya Kiswahili. Nikaweka faili la maneno yanayobaki madogo yasipokuwa mwanzoni: ya, wa, la, cha, vya, za, na, kwa. Hapo nikadhani nimemaliza, kumbe mitaa ya Dar inanisubiri. Kwa Mtogole na Kwa Aziz Ali, hiyo "Kwa" ni sehemu ya jina, huwezi kuishusha! Nikaongeza faili la pili, la majina yasiyofuata sheria.

Sifa zikaenea. Mshikaji wangu wa Mwanza, naye mchapaji, akaomba. Nikamtumia kwa WhatsApp. Wa Arusha akaomba, nikamtumia. Wa Morogoro akachukua kwa flashi. Kila nilipopata kosa nililirekebisha kwangu, nikalala usingizi.

Usiku mmoja simu ikalia. Mshikaji wa Mwanza kachapa vyeti vya wanafunzi, vyote vimeandikwa "Cheti Cha Kuhitimu".

"Aah, hilo mbona nilishalitengeneza mwezi uliopita?"

"Umelitengeneza kwako," akanijibu. "Mimi nitajuaje?"

Nikakosa jibu. Nakala nne, miji minne, kila moja na umri wake. Ndipo nikaamua kuifunga kama kifurushi kamili: nikaipa jina, namba ya toleo, leseni ya kumruhusu mwingine aitumie, na maelezo, kisha nikaipandisha PyPI, ile ghala ya intaneti ya wote wanaotumia Python. Ukirekebisha, unapandisha toleo jipya, na mwenzako aliye popote analichukua kwa kuandika mstari mmoja tu.

Nikapandisha toleo la 0.1.0 saa sita usiku, nikatangaza kwa washikaji wote. Asubuhi ujumbe: "Kaka, haiwaki."

Haiwaki? Kwangu inawaka! Nikahangaika nusu siku kabla sijafungua kifurushi chenyewe nione kilichomo. Yale mafaili mawili ya maneno hayakuwemo! Nilifunga programu nikaacha roho yake mezani. Kwangu iliwaka kwa sababu mafaili yalikuwa pembeni pale pale. Na PyPI hawakuruhusu kupandisha faili lingine kwa jina na namba ile ile, hata ukifuta la kwanza. Unasonga mbele na namba mpya, aibu yako unaiacha nyuma.

Nikamkumbuka mama. Akimtumia dada yangu mzigo wa Mwanza kwa basi, hashoni kiroba mpaka amemwaga vyote chini na kuhesabu upya, na orodha anaitia ndani. Tukimcheka anasema, "Mimi najua nilichoweka, aliye mbali anajua kilichofika."

Basi nikafanya kama mama. Nikatenga sehemu tupu kwenye kompyuta, isiyo na faili langu hata moja, nikakichukua kifurushi kama mtu baki. Kikawaka. Nikapandisha 0.1.1, na jioni Mwanza wakajibu: "Imekubali."

Limebaki moja. Ndani ya kifurushi kuna majaribio, maneno ambayo programu lazima iyapatie kabla sijapandisha toleo jingine. Jaribio la kwanza nilitaka liwe jina la yule mzee. Nikampigia kumwomba ruhusa, moyo unadunda. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka.

"Liweke, mwanangu. Ila hiyo w ibaki ndogo."

Imebaki ndogo, mzee wangu. Ikipanda tu, hakuna toleo linalotoka hapa.